Kutibu ubutu wa safu ya ushambuliaji: kazi ya wiki sita

Timu ikicheza mechi nne bila kuziona nyavu, jukwaani huwa kuna hukumu moja tu: straika hafai, atafutwe mwingine. Viongozi wanachangishana nauli, kijana analetwa kutoka mkoa wa jirani, anacheza mechi tatu, naye anaanza kuzomewa. Kinachosahaulika ni kwamba mshambuliaji ndiye mtu wa mwisho kuguswa na mpira. Kama haujamfikia, au umemfikia mahali pabaya, hata mkimleta nani hali itabaki ileile. Kwenye fainali za Mataifa ya Afrika zilizochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, Taifa Stars ya Tanzania walimaliza mechi tatu za makundi na bao moja, la Simon Msuva dhidi ya Zambia. Kikosini alikuwamo Mbwana Samatta, aliyekuwa akiichezea PAOK ya Ugiriki. Jina kubwa la mshambuliaji halileti mpira ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti.

Maelezo haya ni kwa timu za kata, wilaya na mkoa, zenye mipira michache na uwanja wa mabonde. Mnachohitaji ni daftari, koni kumi na mbili (chupa za maji zilizojazwa mchanga zinafaa), mipira sita mizima, fulana za mazoezi za rangi mbili, na wiki sita za uvumilivu.

Daftari kabla ya mazoezi

Mpeni kazi mtu mmoja asiyecheza na asiyepiga kelele. Achore nusu ya uwanja kwenye ukurasa, mchoro mmoja kwa kila kipindi. Kila timu yenu inapopiga shuti, aweke alama pale mpiga alipokuwa: duara kwa mguu, msalaba kwa kichwa. Pembeni aandike dakika, na mpira ulimfikiaje mpigaji: pasi ya chini, krosi ya juu, kona, faulo, au mpira ulionyang'anywa kwa adui. Chini ya ukurasa ahesabu mambo mawili: ni mara ngapi timu iliingia ndani ya kumi na nane ikiwa na mpira miguuni, na ni mara ngapi mpira ulipotelea kwenye nusu yenu wenyewe.

Fanyeni hivyo kwa mechi tatu. Mechi moja hudanganya. Mvua, kadi nyekundu au kipa aliyeamka vizuri vinatosha kupotosha picha nzima.

Sasa someni hesabu. Katika ligi kubwa duniani, wastani ni bao moja kwa kila mashuti kumi hivi. Penalti nne huzaa mabao matatu. Mashuti 100 ya kutoka nje ya kumi na nane huzaa mabao manne hivi, basi. Na kutoka sehemu ileile, kichwa ni kigumu kufunga kuliko mguu. Tuseme daftari lenu linaonyesha mashuti 36 kwa mechi tatu, 26 yakiwa ya nje na 10 ya ndani. Kwa viwango hivyo mlistahili bao moja la mbali na moja la karibu, pengine mawili. Timu iliyofunga mawili katika hali hiyo haijarogwa. Imevuna ilichopanda, na fedha zinazopelekwa kwa waganga zingenunua mipira mipya.

Daftari litawaonyesha mojawapo ya magonjwa matatu. La kwanza: mashuti ni machache mno, chini ya manane kwa mechi, na mipira mingi inapotelea kwenu. Maana yake mpira haufiki mbele. La pili: mashuti yapo, lakini ni ya mbali au ya vichwa katikati ya mabeki watatu. La tatu: nafasi nzuri zipo, mbele ya goli, na zinapotezwa. Ugonjwa wa tatu ndio kila shabiki anaoutaja, na ndio adimu kuliko yote. Anzeni na la kwanza hata kama mnaona dalili za yote matatu, kwa sababu huwezi kufundisha umaliziaji wa mipira isiyofika.

Mpira haufiki

Simama pembeni mwa uwanja pale kipa wenu anapoanzisha mpira, upime kwa macho umbali kati ya beki wa kati na namba tisa, yaani straika. Ukizidi mita 40, timu imekatika vipande viwili. Mara nyingi chanzo ni woga. Mabeki wanabaki nyuma wakihofia mashambulizi ya kushtukiza, viungo wawili wanasimama mstari mmoja bega kwa bega, na mbele straika amebaki peke yake na mabeki wawili mgongoni. Hapo pasi pekee iliyobaki ni kubutua.

Dawa ya kwanza ni amri rahisi: mpira ukivuka katikati, mabeki wa kati wasogee hadi mita tano au sita nyuma ya mstari wa kati. Ya pili: viungo wawili wasiwe kamwe kwenye mstari mmoja, mmoja akiwa chini ya mpira (nyuma yake), mwingine awe juu yake (mbele), mgongoni mwa viungo wa adui. Ya tatu: fulubeki, yaani mabeki wa pembeni, wasipande wote kwa wakati mmoja. Wa kulia akipanda, wa kushoto anakaa na mabeki wa kati, wanakuwa watatu nyuma. Kocha asipolisema hili waziwazi, mabeki wa kati hawatakubali kusogea, na kwa hofu hiyo hawakosei.

Zoezi la kuwafundisha hili linahitaji mstatili wa mita 45 kwa 30, uliogawanywa kwa koni katika kanda tatu za mita 15. Kanda ya nyuma wekeni washambulizi watatu dhidi ya mkabaji mmoja. Kati, wawili dhidi ya wawili. Mbele, mmoja dhidi ya mmoja, na goli lenye kipa. Mpira unaanzia nyuma na lazima upite kanda zote tatu. Anayetoa pasi kwenda kanda ya mbele yake anaruhusiwa kuifuata, kwa hiyo kati wanakuwa watatu dhidi ya wawili, na mbele wawili dhidi ya mmoja. Wakabaji hawavuki kanda zao. Dakika nne za kucheza, moja ya kupumzika, mara nne, mkibadilishana nafasi.

Angalieni makosa mawili. Kosa la kiungo ni kupokea akiwa ameligeuzia goli la adui mgongo, mpira ukitua mguu ulio karibu na mtoaji. Akipokea hivyo, hana njia ila kurudisha. Afundishwe kuangalia nyuma mara mbili kabla mpira haujafika, asimame upande, apokee kwa mguu wa mbali. Kosa la straika ni kushuka kufuata mpira bila mtu wa kwenda mahali alipotoka. Beki anamfuata au anabaki, vyovyote vile hakuna hatari. Wekeni sheria isiyo na msamaha: namba tisa akishuka, winga wa karibu au namba kumi (kiungo mshambuliaji) anakimbia nyuma ya beki sekunde hiyohiyo. Anayeshuka na anayepita ni kitu kimoja. Hata pasi isipokwenda kwa anayepita, beki ameshalazimika kuchagua, na hapo ndipo pasi mpenyezo huzaliwa.

Kuhusu viwanja vyetu, tuseme ukweli. Kwenye uwanja wa mabonde, pasi ya chini ya mita 20 inadunda mara tatu kabla ya kufika na kutulizwa kwake kunakula sekunde mbili. Fupisheni: pasi za mita 8 hadi 12, mguso wa kutuliza na wa kutoa. Kama uwanja ni mbovu kupita kiasi, mpira mrefu si dhambi, mradi una mpango. Kipa na mabeki wapige kuelekea eneo moja mlilokubaliana, tuseme kati ya mstari wa kati na kumi na nane, upande wa winga mrefu. Anayeruka ni mmoja. Mmoja anakimbia nyuma yake kuelekea goli kabla mpira haujaguswa. Wawili wanakaa chini yake, mita 8 hadi 10, kuokota mpira wa pili. Kubutua bila watu hao watatu ni kumrudishia adui mpira.

Mpira unafika, nafasi haipatikani

Ugonjwa wa pili dawa yake inajulikana lakini haifuatwi. Februari 2014, Manchester United ya David Moyes ilipiga krosi zaidi ya 80 dhidi ya Fulham pale Old Trafford. Mechi iliisha 2-2, dhidi ya timu iliyokuwa mkiani mwa ligi. Krosi ya juu kutoka mita 30 pembeni ina kasoro ya kimaumbile: beki anauona mpira na mtu wake kwa pamoja, anakimbia kuukabili mpira, na kipa ana muda wa kutoka. Winga akiinua kichwa na kurusha krosi akiwa hajavuka usawa wa kumi na nane, mara nyingi anawafanyia mabeki kazi.

Mpira hatari kuliko yote ni wa chini, unaorudishwa nyuma kutoka karibu na mstari wa goli. Mabeki wanakimbia wakilielekea goli lao, macho yako kwa winga, na anayekuja nyuma yao hawamwoni. Kipa naye amebanwa kwenye nguzo ya karibu. Na jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui vizuri: mpira ukirudishwa nyuma, mpokeaji aliye nyuma ya mpira hawezi kuwa ameotea.

Tengeneza zoezi hivi. Weka koni pembeni, mita 25 kutoka mstari wa goli, na nyingine ndani ya kumi na nane, mita 4 kutoka mstari wa goli na mita 10 nje ya nguzo. Winga anaanza kwenye koni ya kwanza, anapokea pasi ya fulubeki au kiungo, anaukokota hadi koni ya pili, anarudisha. Wakimbiaji ni wanne. Wa kwanza anakwenda nguzo ya karibu kwa kasi, kazi yake kubwa ikiwa kuvuta beki. Wa pili anakwenda nguzo ya mbali. Wa tatu anaanza kama anakwenda golini, kisha anasimama ghafla kwenye alama ya penalti, mita 11. Wa nne anangoja juu ya nusu duara ya ukingo wa kumi na nane kwa mpira unaotoka.

Rudieni mara kumi kulia, kumi kushoto, bila wakabaji. Halafu ongezeni mabeki wawili, kisha watatu. Lengo la wiki ya pili ya zoezi hili: mara sita kati ya kumi shuti lipigwe ndani ya kumi na nane mbele ya mabeki watatu.

Likikwama, litakuwa limekwama mahali pale pale kila mara. Wote wanne wanakimbilia mstari wa mita 5.5 (ukingo wa eneo dogo la goli), wanawaleta mabeki wao, na alama ya penalti inabaki tupu huku winga akitafuta mtu. Yule wa tatu ndiye roho ya shambulizi zima. Mpeni kazi hiyo kiungo mtulivu, namba nane au kumi, mwenye uwezo wa kuvumilia nusu sekunde. Kosa la pili ni muda: wakimbiaji wanafika kabla ya mpira na kuusubiri wakiwa wamesimama, mabeki wakiwashika. Waanze kukimbia winga anapougusa mpira mguso wa mwisho kabla ya kutoa, sio anapoupokea. Na winga mwenye mguu mmoja tu atakuwa anakatisha ndani kila mara. Kama hana mguu wa pili, mhamishieni upande wa mguu wake mzuri, hata kama mtindo wa sasa ni winga wa mguu kinyume.

Mashuti ya mbali yasipigwe marufuku kabisa. Dhidi ya timu iliyopaki basi, yaani iliyorudi yote kulinda goli, shuti mbili tatu huwalazimisha mabeki watoke, nafasi zikafunguka. Lakini mazoezini, kwa wiki mbili, hesabuni bao la nje ya kumi na nane kuwa sifuri na la pasi ya kurudisha kuwa mawili. Wachezaji hubadilika haraka wakiona alama.

Mipira ya kutenga

Kona, faulo, penalti na mipira ya kurusha: hii ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote, na inashangaza jinsi timu zetu zinavyoipuuza. Ugiriki walichukua Kombe la Ulaya 2004 kwa mabao saba katika mechi sita. Robo fainali, nusu fainali na fainali zote walishinda 1-0, zote kwa kichwa: Charisteas dhidi ya Ufaransa kwa krosi, Dellas dhidi ya Jamhuri ya Czech kwa kona, na Charisteas tena dhidi ya Ureno kwa kona. Hawakuwa na washambuliaji bora wa mashindano. Walikuwa na utaratibu.

Chagueni mipango miwili ya kona, msizidishe. Wa kwanza: mpira wa kasi unaoangukia ukingo wa eneo dogo la goli, usawa wa nguzo ya karibu. Mchezaji mrefu anatokea alama ya penalti kuufuata, mmoja anasimama mbele ya kipa bila kumgusa, wawili wanakwenda nguzo ya mbali kusubiri mpira uliochezwa. Wa pili: kona fupi. Mpokeaji anaurudisha kwa mpigaji, ambaye sasa ana pembe nzuri zaidi na mabeki wameanza kutoka. Mpigaji wa kona akumbuke kuotea: mpira wa kona wenyewe hauna kuotea, ila akirudishiwa akiwa bado amesimama mbele ya mpira na mabeki wameshatoka, bendera itapanda. Aingie ndani mara tu anapotoa. Katika mipango yote, mmoja abaki nje ya kumi na nane kwa mpira unaotemwa, na wawili nyuma karibu na katikati.

Kona nyingi hufia kwa beki wa kwanza. Simamisha mti wenye fulana, urefu wa mita mbili, kwenye kona ya eneo dogo la goli upande wa mpigaji. Apige kona 20, mara mbili kwa wiki, akihesabu ngapi zimevuka mti na kuangukia kwenye mraba wa mita 3 uliouwekea koni. Asiyefikisha 12 kati ya 20 asipige kona siku ya mechi, hata kama ni nahodha.

Mpira wa kurusha nao hauna kuotea. Karibu na kumi na nane, tumeni mtu mmoja nyuma ya mabeki kila mara. Penalti: mpigaji wa kwanza na wa pili watajwe kabla ya mechi, mbele ya wote. Kunyang'anyana mpira kwenye alama ya penalti kumeshaharibu mechi nyingi.

Umaliziaji wenyewe

Lile zoezi la wachezaji 15 kupanga foleni mita 22 na kila mmoja kupiga shuti baada ya dakika mbili liachwe. Halifanani na kitu chochote kinachotokea kwenye mechi. Mabao mengi hufungwa kwa mguso mmoja, karibu na goli, mpira ukitoka pembeni. Basi fundisheni hivyo: watu watatu kwa goli, mtoaji upande wa kulia na kushoto, mpigaji akiwa kati ya mita 7 na 12, mguso mmoja. Mashuti 10 hadi 12 kwa kila mtu, kisha abadilishwe. Ukimpigisha 40 miguu inachoka na anajifunza mwendo mbaya.

Weka koni mita moja ndani ya kila nguzo, bao lihesabiwe likipita chini kati ya koni na nguzo. Kipa mrefu huchelewa kushuka. Mpira ukipaa juu ya mwamba, usiseme kijana ana mkosi. Angalia mguu wa kusimamia. Ukibaki nyuma ya mpira, mwili unalala nyuma na mpira unapaa. Mguu huo utue kando ya mpira, kiasi cha kiganja kimoja, kifua kikiwa juu ya mpira.

Mpangilio wa wiki

Kwa mechi ya Jumamosi: Jumatatu wachezaji wapumzike, benchi lisome daftari. Jumanne zoezi la kanda tatu, kisha mechi ndogo. Jumatano mpira wa kurudisha, dakika 30. Alhamisi mipira ya kutenga dakika 25 na umaliziaji dakika 15. Ijumaa mazoezi mepesi. Wiki mbili za mwanzo tieni uzito Jumanne, wiki ya tatu na ya nne Jumatano. Mipira ya kutenga iendelee wiki zote sita.

Msipime kwa mabao mwanzoni. Pimeni kwa mashuti ya ndani ya kumi na nane. Kama yalikuwa matatu kwa mechi na wiki ya tatu yamefika sita, endeleeni vilevile hata kama mmetoka 0-0; sisi mashabiki tunatakiwa kuambiwa namba hizo ili tuache kuzomea kitu kinachoanza kupona.

Straika abadilishwe lini?

Someni daftari la wiki sita. Kama anapata shuti moja au halipati kabisa ndani ya kumi na nane kwa mechi, bado tatizo liko nyuma yake. Kama anapata matatu au zaidi kila mechi na hajafunga hata moja, hapo jaribuni mwingine. Na mwingine huyo si lazima anunuliwe. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele alifunga mabao 17 ya ligi akiwa Yanga, akilingana na Saidi Ntibazonkiza wa Simba, kisha akaenda Pyramids ya Misri. Msimu uliofuata Yanga walitetea ubingwa, na mfungaji bora wa ligi alikuwa kiungo wao, Stephane Aziz Ki, kwa mabao 21. Timu yenye njia za kufikisha mpira mahali pazuri humpata mfungaji popote.

Kwa hiyo kabla ya kuchangisha nauli, chukueni yule kiungo mnayemtumia kama mtu wa tatu kwenye alama ya penalti. Mpeni namba tisa kwa mechi mbili kamili, sio dakika 20 za mwisho, huku straika wa zamani akianzia benchi na kuingia dakika ya 60 mabeki wakiwa wamechoka. Daftari liendelee kujazwa.